Dodoso la Arobaini

Mkuu wa idara anataka mistari kumi. Amebandika tangazo mlangoni kwake kwamba kila mhadhiri aandike wasifu wake kwa ufupi, elimu yake na utafiti wake, kwa sababu ubao mpya wenye kioo umeshaletwa na wageni wanakuja. Wenzangu waliandika wakati wa chai, wakamaliza kabla chapati hazijapoa. Mimi leo ni siku ya sita. Nimeandika nakala kumi na moja na kumi nimezichana, nne kwa sababu ya uongo na sita kwa sababu ya mwandiko.

Mstari unaonishinda ni huu: "Amefanya utafiti wa kina kuhusu biashara za kijamii katika pwani ya Lindi." Kila neno hapo lina ukweli wa aina yake. Pwani nilifika. Biashara niliikuta. Hata hiyo jamii ilikuwepo, na ilinicheka. Lakini ukiyaunganisha maneno hayo kwa mpangilio ule, anatokea mtu mwingine kabisa, mwenye miwani na uhakika, ambaye sijawahi kukutana naye.

Nimeona bora kwanza niandike yote kwa urefu wake, ndipo nijue mistari kumi ni ipi.

Tuanze na elimu. Nilimaliza kidato cha nne na kupata daraja ambalo watu wenye huruma hawaliulizi mara mbili. Nikarudi nyumbani, milimani, Kilwa ya ndani, kulinda mpunga usiliwe na ndege. Baba alikuwa karani wa ghala la ushirika. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao na mizani yao, na ushirika ukafa kimya kimya, bila hata siku moja ya matanga. Baba akarudi nyumbani na vitu viwili: mhuri wa mpira ambao haukuwa tena na kitu cha kugonga, na katoni ya vitabu ambavyo hakuna mtu ofisini aliyevitaka.

Ndani ya katoni kulikuwa na kitabu cha biashara cha Kiingereza. Hakikuwa na jalada, na sura mbili za mwanzo zilikuwa zimechanwa. Baba alisema mhasibu aliyekuwa nacho alikuwa na mke anayeuza karanga. Ukurasa wa yaliyomo ulibaki, kwa hiyo nilijua nilichokosa. Sura ya kwanza ilihusu madhumuni ya biashara, yaani biashara ni ya nini. Wateja wa karanga walikwenda nayo.

Basi mimi biashara nilianza kuijua kutokea sura ya tatu. Nilikaa na kitabu kile na kamusi katikati ya mpunga, nikipiga debe kufukuza ndege kila baada ya aya. Nilinakili kila jedwali kwa rula. Nikikosea mstari mmoja nilianza ukurasa upya, na ndege wa milimani walinenepa mwaka ule. Mitihani niliifanya kwa kusoma kwa posta, nikafaulu, nikafaulu tena. Mwishowe nikaandika barua ya kuomba kazi katika chuo kipya cha biashara Lindi mjini. Soko huria lilikuwa limefika Lindi mbele ya lami, na chuo kilikuwa kimefunguliwa katika ghala la zamani la korosho ambalo mpaka leo, jua likiwaka, linanuka korosho. Kwenye usaili waliniuliza kama naweza kuanza Jumatatu. Hilo ndilo swali lililokuwepo.

Nikaitwa mkufunzi wa muda. Darasani nilikuwa najaza ubao mzima kwa mwandiko mmoja uliolala. Wanafunzi waliniita Mwalimu Rula, nami nilijifanya sisikii. Kila muhula nilianza kufundisha kutoka sura ya tatu. "Sura za mwanzo mtazisoma wenyewe, ni nyepesi," nilikuwa nawaambia, nikiogopa kwamba siku moja mmoja atanyoosha mkono na kuuliza biashara ni ya nini.

Kisha mkuu wa idara akaenda semina Dar es Salaam. Alikaa wiki mbili na kurudi na mkoba wa turubai wenye maandishi, pamoja na neno jipya: biashara za kijamii. Alituelezea kwenye kikao kwamba duniani sasa kuna biashara zinazoendeshwa kwa ajili ya watu wote badala ya kujaza mfuko wa mwenyewe. Alilieleza kwa mshangao mkubwa. Miaka michache nyuma nchi nzima ilikuwa na jina jingine la jambo hilo, tulikuwa tukiliimba shuleni mstarini, kisha tukaambiwa limekufa. Kumbe lilikuwa limekwenda semina.

Mwisho wa kikao hicho akasoma waraka. Wakufunzi wa muda wasio na shahada wangetakiwa kuwasilisha utafiti mbele ya wageni watatu kutoka Dar. Atakayekubaliwa angethibitishwa kazini. Atakayekataliwa angeshukuriwa. Wakufunzi wa muda wasio na shahada tulikuwa mmoja.

Sitaki kujifanya jasiri. Wiki ile sikula vizuri. Kazi ilikuwa ndiyo kitu changu pekee, na baba alikuwa ameshawatangazia watu kijijini kwamba binti yake ni profesa. Nilikuwa nimemkanya kwa barua mbili. Alijibu kwamba profesa huanzia mahali.

Mkuu wa idara alinipa mada, bila shaka ile ile ya mkobani. Akanielekeza Mchinga, kwenye kikundi cha akina mama wanaochemsha mafuta ya nazi katika jengo lililokuwa duka la kijiji. "Arobaini hao, Madam," alisema. "Wana uongozi, wana kila kitu. Waulize tu, waandike." Nilitayarisha madodoso arobaini, moja kwa kila mwanachama, maswali thelathini kila moja. Nilichapa stensili mara tatu kwa sababu ya nukta moja iliyokuwa imepotea kwenye swali la kumi na saba.

Mchinga nilifika asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi nilimkuta amekaa kwenye kibao anakuna nazi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono ya mtu asiyesubiri kusaidiwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kukuna, akaniuliza nimetokea wapi. Nikasema Lindi mjini, chuoni.

"Huko unafanya kazi. Nauliza kwenu."

Nikamtajia kwetu, milimani. Akaacha kukuna. Akageuka nyuma kwa wenzake, na kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa rasmi akawaambia, "Jamani, nyani kashuka."

Sisi watu wa milimani na wao watu wa kule pwani ni watani. Hilo kila mtu wa kwetu analijua kabla hajaota meno. Mmoja akaniuliza mlima nimemwachia nani. Mwingine akataka kujua kama nimeshaonyeshwa samaki, au kwetu bado tunadhani ni nyoka aliyenenepa. Walikuwa wananifungulia mlango. Baba yangu angeshawarudishia matusi mawili mazito kabla hajakaa, na angepewa kiti, chai na habari zote za kijiji.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma karatasi za semina ya mkuu wa idara, zilizosema mtafiti asijichanganye na watu anaowahoji. Nilikuwa nimepigia mstari sentensi hiyo kwa rula. Kwa hiyo nikasimama wima na faili kifuani, nikasema, "Mama zangu, naomba leo utani tuuweke pembeni. Niko kazini."

Mwenyekiti alinitazama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Tumeuweka."

Sikugundua kwamba nilikuwa nimeingia mtani na sasa nimekuwa mwalimu. Nilifungua kalamu.

Kwa siku tano nilikwenda asubuhi na kurudi jioni, na sijawahi kupata majibu mazuri kama yale. Niliuliza muundo wa kikundi, wakanitajia idara ya masoko, idara ya mipango na kamati ya mafunzo. Niliuliza malengo, wakasema kupanua wigo. Mama mmoja ambaye alikuwa ananyonyesha alinieleza kwamba changamoto kubwa ni uelewa mdogo wa jamii, na kwa hiyo wanaiomba semina. Maswali thelathini, na hakuna aliyesita. Walikuwa wanaangalia kalamu yangu. Nikichelewa kuandika walisubiri, na nikikosa nafasi kwenye mstari walifupisha. Mimi nikasema moyoni, hawa ndio watu wanaojua kujibu. Nakumbuka niliwashukuru kwa ushirikiano.

Kasoro ilikuwa moja. Orodha ya wanachama aliyonipa mwenyekiti, waliyowahi kuwatayarishia wafadhili fulani, ilikuwa na majina arobaini, na wa arobaini nilikuwa simpati. Jina lake lilikuwa la kiume, la heshima, na mbele yake pameandikwa: msimamizi wa ubora. Kila nilipomuulizia niliambiwa yuko zamu. Asubuhi anakagua, wakasema, mchana anapumzika, na hapendi kusumbuliwa na wageni. Nilimwona ni mtu makini. Karibu nione ni mtu wa aina yangu.

Nikarudi Lindi na madodoso thelathini na tisa. Mtu wa kawaida angeandika thelathini na tisa na kwenda kulala. Mimi ile nafasi tupu kwenye jedwali ilikuwa inaniwasha kama upupu. Uwasilishaji ulikuwa Ijumaa. Jumatano nikarudi Mchinga kwa ajili ya mtu mmoja.

Jengo la mafuta lilikuwa limefungwa. Majiko yalikuwa baridi, masufuria yote makubwa hayapo. Nilifuata sauti mpaka nyumbani kwa mwenyekiti, na kabla sijafika nikajua ni msiba. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Jumatatu na kuzikwa Jumanne. Mwenyekiti alikuwa amekaa mkekani katikati ya ndugu zake, macho yamevimba. Nilimpa pole. Faili lilikuwa kwapani, na ndani yake lile dodoso, na nadhani alilijua kabla sijakaa.

"Huyu kaja kama nani?" aliuliza, akiwauliza wenzake, siyo mimi. "Kama kaja mwalimu, kiti kile pale, ataletewa chai. Kama kaja mtani, masufuria yako uani."

Mwenye kuzoea misiba ya kwetu hahitaji maelezo. Mtani ndiye mfanyakazi wa msiba. Anachota maji, anapika, anamcheka marehemu mpaka wafiwa wacheke nao, ananyang'anya kitu na kukataa kukirudisha. Asipofika, msiba una pengo. Mimi nilikuwa nimekuja siku ya tatu na kalamu.

Nakiri kwamba nilikitazama kile kiti. Kilikuwa cha plastiki, kipya, kimewekwa peke yake kivulini, na nilikitazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye adabu. Kisha nikavua viatu, nikaenda uani.

Walinipa sufuria ambalo ningeweza kuoga ndani yake na majivu ya kusugulia. Nilisugua kwa mtindo wangu, kwa mistari, kutoka ukingoni kwenda chini. Akina mama wakasogea kuangalia. Mmoja akasema mtani wao anasugua kama anapiga msasa kaburi. Nikajikakamua, nikasema kwamba nimekuta masizi ya tangu enzi za Wajerumani, nilidhani watu wa pwani wana maji. Haikuwa kali. Niliisema kwa aibu na kuchelewa. Lakini wakacheka kama wanavyomcheka mtoto aliyepiga hatua ya kwanza, na yule aliyekuwa ananyonyesha siku ile ya madodoso akanisogezea kigoda.

Ndipo nikaulizia, kwa uangalifu, kama msimamizi wa ubora amekuja msibani.

"Kaja," alisema yule mama. "Yumo kwenye sufuria la pili."

Nilidhani anasema anapika. Akaniinulia kifuniko.

Alikuwa jogoo. Jogoo mwekundu, walinieleza huku wakipokezana na kuangukiana, aliyekuwa anashinda pale jengoni. Nazi zikishakunwa na kukamuliwa tui, machicha yalimwagwa nje. Jogoo akiyavamia, ujue hayajakamuliwa vizuri, mafuta bado yamo, yarudishwe. Akiyaparua tu na kwenda zake, kazi imekamilika. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na neno la mwisho kuliko yeye. Walipoombwa orodha na wafadhili wale walikuwa thelathini na tisa, na wafadhili walitaka namba iliyonyooka. Asubuhi ile alikuwa amechinjwa kwa ajili ya wageni wa tatu ya msiba.

Mchana kutwa niliambiwa mambo bila kuuliza. Hakukuwa na idara ya masoko. Hakukuwa na kamati. Aliyeanzisha kazi ile alikuwa huyo huyo bibi aliyezikwa jana. Duka la kijiji lilipokufa, alikwenda kwenye msiba mmoja akakuta wali wa matanga unapikwa kwa masufuria ya kuazima kijiji cha pili, na wenyewe wamekuja kuyasimamia wakihesabu vifuniko. Aliporudi akasema yeye hatazikwa kwa sufuria la kuazima, wala mtu mwingine wa pale. Akaanza kuchemsha nazi na binti zake. Sufuria la kwanza lilitokana na mafuta, la pili pia, kisha sanda ikawa inakaa sandukuni tayari, kisha mchele. Mafuta yaliuzwa mpaka Lindi, na wao walipata chao, lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Lile nililokuwa nalisugua ndilo sufuria la kwanza.

Bibi hakuwa kwenye orodha. Orodha ilikuwa ya watu watakaokwenda semina ya wafadhili wale, na yeye alikataa, alisema hana nafasi ya kwenda kufundishwa nazi na mwanamume.

Mwenyekiti alikuja kunawa mikono pale nilipokuwa. Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia. Hakukasirika.

"Wewe ulisema utani tuuweke pembeni. Sisi utani ndio tunaosemea kweli. Ukiutoa, umebaki mgeni, na mgeni tunampa alichokuja kuchukua. Ulikuja kuchukua idara ya masoko. Tukakupa." Akakung'uta maji mikononi. "Na ulikuwa unaandika vizuri, tukaona huruma kukukatiza."

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ingetosha kumfukuzisha mtu kazi.

Alhamisi nilikaa mezani na ripoti yangu yenye kurasa sitini. Nilijua kwamba ni uongo mtupu kutoka jalada hadi jalada, lakini ulikuwa uongo uliopangwa, wenye majedwali yaliyonyooka, na kesho wageni wanafika. Nilijiambia kwamba wale thelathini na tisa walisema wenyewe, mimi niliandika tu. Hilo lingenitosha kama utetezi, kama si ile nafasi tupu. Sikuweza kuiacha. Nikachukua dodoso la arobaini na kulijaza mwenyewe, maswali yote thelathini, kwa jina la jogoo niliyemla jana na wali. Nilibadilisha kidogo mwandiko. Kwenye swali la ubora niliandika aya mbili, na sitaficha, zilikuwa aya nzuri. Majibu ya wengine yalikuwa dhambi zao na zangu. Lile la arobaini lilikuwa langu peke yangu.

Ijumaa nilisoma nusu saa bila kukosea hata nukta. Wageni walikuwa wanaume wawili wenye suti na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza, mhadhiri wa siku nyingi, ambaye wote waliokuwepo walikuwa wanamwogopa na mimi zaidi. Alipekua viambatisho. Akasimama kwenye dodoso la mwisho.

"Huyu msimamizi wa ubora anaongea kama kitabu," alisema.

Bila shaka. Alikuwa anaongea kama sura ya tatu.

Akasema kabla ya kuamua chochote kuhusu mimi angependa kumwona. Mkuu wa idara akachanua, akatoa gari la chuo kwa kesho yake. Niliendeshwa mpaka Mchinga kama mtu anayepelekwa kutambua maiti.

Akina mama walitupokea kwenye jengo la mafuta, kanga safi, mikono kifuani. Hawakunitazama. Mkuu wa idara aliwahutubia, akawasifu kwa uongozi na idara zao, kisha akasema wageni wanaomba kuonana na msimamizi wa ubora.

Mwenyekiti aliinamisha kichwa.

"Tumempoteza," alisema. "Wiki hii hii."

Uso wake haukutikisika hata ukope. Wageni wakasema pole. Mmoja wa wale wenye suti akauliza kama alikuwa mgonjwa, akajibiwa hapana, ilikuwa ghafla, asubuhi. Mkuu wa idara, ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kuongoza jambo, akaomba tusimame wote dakika moja tumkumbuke mwenzetu aliyelitumikia taifa kupitia ubora. Tukasimama. Wanaume walivua kofia.

Mwanzoni nilikuwa naogopa kucheka. Nyuma ya jengo, kwenye machicha, niliweza kuona manyoya mekundu mawili. Nikamtazama mwenyekiti, nikidhani nitakuta anajizuia kama mimi. Hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanashuka, na hakuyafuta, na hapo nikaelewa kwamba yeye alikuwa amesimama kwa ajili ya mtu mwingine. Mama yake alikuwa ana siku nne kaburini. Hakuna mgeni aliyempa pole yake. Hakuwa kwenye orodha, hakuwa kwenye ripoti yangu, na watu wenye elimu kutoka Dar walikuwa wamevua kofia kwa ajili ya jogoo kwa sababu mimi nilimwandikia aya mbili.

Dakika ilikuwa haijaisha. Nikasema, "Alikuwa jogoo."

Mkuu wa idara alifungua jicho moja. Nikaendelea, kwa sababu ningenyamaza nisingeanza tena. Nikasema tulimla Jumatano. Nikasema dodoso lake nililijaza mimi, na mengine yote ni uongo niliouomba mwenyewe kwa kukataa utani. Nikasema aliyefariki ni mama yake huyu, na kazi yote mnayoiona ni yake. Nilisema vibaya, kwa kurudia rudia, bila hitimisho.

Kisha mwenyekiti akamsogelea mmoja wa wale wenye suti, akamchukulia kofia mkononi kwa upole, akaivaa. "Mtani wetu kakosa," alimwambia. "Ninyi mmekuja naye. Kofia hii hairudi mpaka mpate kumpa pole mama yangu." Na wakampa, mmoja baada ya mwingine. Mkuu wa idara alikuwa wa mwisho, na ilimchukua muda kujua amtazame nani.

Yule mama mwenye miwani aliniita pembeni. Nilitegemea hotuba. Aliniuliza swali moja, lile nililolikimbia tangu kwenye mpunga.

"Biashara hii ni ya nini?"

"Ya kutoazima masufuria kwenye msiba," nilisema.

Akasema nimewapotezea siku mbili na mafuta ya gari, na kwamba alitamani kunishukuru, kwa maana ile ya waraka. Kisha akasema niandike upya, bila fomu, kwa muhula mmoja, nikibaki mkufunzi wa muda. Mkuu wa idara alipinga njia nzima hadi Lindi. Alisema heshima ya chuo. Yule mama alikuwa amelala, au alijifanya amelala.

Muhula ule nilikwenda Mchinga kila kulipotokea shughuli au msiba, kama mtani, na nilisugua masufuria. Utani wangu uliboreka kidogo. Sasa naweza kumtukana mtu kabla hajaondoka. Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa kumi na nane, nyingine zina mafuta. Ilikubaliwa, na pembeni wameandika kwamba lugha yake si ya kitaaluma. Nimethibitishwa. Baba alisema yeye hakushangaa.

Jumamosi iliyopita nilichukua nakala ya kumi na moja ya wasifu huu nikaenda nayo Mchinga. Mwenyekiti akaniamuru niisome kwa sauti huku wenzake wanakuna nazi. Nilipofika kwenye "utafiti wa kina" wakaanza kupiga vigelegele, nikashindwa kuendelea.

"Futa hiyo," alisema mwenyekiti. "Andika, alikuja na fomu, tukampa sufuria."

Nikamwambia mkuu wa idara hatakubali, ubao ni wa kioo na wageni wanakuja.

"Basi awaambie wageni waje wamuulize msimamizi wa ubora," alisema. Wana jogoo mwingine sasa, mweupe, mkorofi. Alikuwa juu ya machicha, anaparua, anaacha, anarudi kuyadonoa. Mwenyekiti alimtazama, akaniagiza niyarudishe machicha ndani yakamuliwe upya, nami nikaiweka karatasi chini nikaenda kuyazoa.

Nilipoiokota ilikuwa na doa la tui katikati ya mstari wa saba. Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi. Nimeandika kwa kalamu, juu ya ule mstari unaonishinda, sentensi ya mwenyekiti kama alivyoisema, na mwandiko umelala. Kesho nitampelekea mkuu wa idara hiyo hiyo, na doa lake.